Chupa ya Watoto Kumi

Jumatano ile niliwahesabu mara mbili, nikapata saba.

Walikuwa wamekaa kwenye benchi la ukutani, wanawake saba wa Mikadini na watoto wao saba. Kanga zao zilikuwa zimelowa mpaka kiunoni, na miguu yao ilikuwa na tope jeusi lililoanza kukauka na kupasuka. Jua lilikuwa limeshafika utosini. Nilikuwa nimefunga kisanduku cha baridi cha chanjo na nilikuwa nafuta meza.

"Mko saba tu?" nikauliza.

"Saba," akajibu aliyekaa mwanzo wa benchi. Huyu alikuwa Asmahani, mke wa Turki mwenye duka kule Mikadini. Alikuwa amempakata mwanawe Ziyad, wa miezi kumi na moja, mtoto mwenye macho makubwa ambaye muda wote alikuwa akijaribu kunishika kalamu.

"Chupa ya surua ni ya watoto kumi," nikawaambia. "Nikishaifungua haifiki jioni, inamwagwa. Siwezi kumwaga dawa ya watoto watatu. Njooni Jumatano ijayo mkiwa kumi."

Asmahani alinitazama. "Nesi, mara ya kwanza tulikuja watano, ukatwambia tuwe kumi. Leo tumekuja saba. Unataka nizae watatu hapahapa benchini?"

Wenzake wakacheka. Mmoja wao, Zuwena, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo, akasema, "Tungejua tungeazima njiani. Si tulimpita yule mtoto wa muuza mihogo? Angetosha kabisa, wa nane."

"Hapa ni ofisi," nikasema. "Msinifanyie mzaha."

Kicheko kikakatika. Asmahani akasimama, akamtia mtoto mgongoni na kumfunga kwa kanga ileile yenye maji. "Leo ni bamvua, nesi. Wenzetu wako mwambani wanatoa pweza. Sisi tumeacha pweza, tumevuka hori kwa miguu, tumekuja kwako. Sasa nisikilize. Mtoto huyu hutamwona tena hapa."

Wakatoka wote saba. Nikachukua ufagio na ndoo nikaanza kusafisha tope waliloacha sakafuni.

Nieleze hapa kwamba sheria ile ya kumi haikutoka wizarani. Niliitunga mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza katika zahanati ya Mwanzini, mganga mfawidhi aliyekuwapo wakati ule alinikemea mbele ya wagonjwa kwa sababu nilimwaga chanjo iliyobaki kwenye chupa. Aliniuliza kama ningemwaga maziwa ya mtoto wangu hivyo. Sikusahau. Tangu siku hiyo nikawa sifungui chupa ya surua mpaka niwaone kumi kwenye benchi, na kwa vijiji vilivyo karibu utaratibu ule haukuwa na shida kubwa, kwa kuwa akina mama walikuwa wengi. Ila Mikadini ni kitongoji kidogo, kipo ng'ambo ya mkono wa bahari ambao wenyewe wanauita hori. Nilikuwa na watoto kumi na wanne wa Mikadini kwenye rejista yangu wasiopata surua. Kwenye safu ya maelezo, mbele ya kila jina, nilikuwa nimeandika maneno mawili: Mama hajali.

Jioni hiyo nilimwandikia Ziyad maneno yaleyale kwa mara ya pili.

Kisha nikaenda nyumbani, nikala, nikapiga magoti kando ya kitanda kama nilivyofundishwa tangu utoto katika nyumba ya baba yangu, Rafaeli, mkata mkonge na mzee wa kanisa kule Maramba. Nina desturi ya kuwaombea watoto wa vijiji vyangu kimoja kimoja. Nilipofika Mikadini nikasema, Bwana, walinde watoto wa Mikadini. Maneno yakanikwama. Nilikuwa namwomba Mungu awalinde watoto ambao mimi mwenyewe, mchana uleule, nimewafukuza. Nikainuka, nikalala bila kusema amina.

Kesho yake asubuhi Daniel aliniita chumbani kwake. Daniel ndiye mganga mfawidhi wetu wa sasa, alikuwa na miezi sita tangu ahamie. Ni mtu wa maneno machache. Alikuwa ameshika simu mkononi.

"Yudith, kuna surua," akasema. "Watoto wawili, kwenye dago la wavuvi upande wa kusini. Ujumbe umetoka wilayani."

Dago ni kambi ya wavuvi wanaotoka mbali na kukaa msimu mmoja. Nililijua lile dago. Wavuvi wake walinunua sukari na mafuta ya taa kwenye duka la Turki, babaye Ziyad.

"Kitongoji kilicho karibu nao ni kipi?" akauliza.

"Mikadini."

"Wamechanjwa?"

Nikamletea rejista. Akapitisha kidole kwenye safu, polepole, kama mtu anayesoma jina la marehemu kwenye jiwe. "Kumi na wanne hawajapata. Hawaji?"

"Hawaji."

"Hawaji, au wanakuja?"

Sikuweza kusema uongo. "Jana walikuja saba."

"Halafu?"

"Hawakutimia kumi."

Daniel akaweka rejista mezani. Akavuta droo, akatoa kitabu cha mwongozo wa chanjo ambacho mimi pia ninacho nyumbani, akakifungua na kunigeuzia. Sikuhitaji kusoma. Niliufahamu ukurasa ule. Unasema waziwazi kwamba chupa ifunguliwe hata akija mtoto mmoja, kwa sababu dawa iliyomwagwa hununuliwa nyingine, na mtoto aliyerudishwa huenda asirudi.

"Nilikuwa naogopa kumwaga," nikasema.

"Na mimi nimetia saini ripoti zako miezi sita," akajibu. "Kila mwezi nimesoma kwamba wazazi wa Mikadini hawana mwamko, na sikuuliza hata siku moja wanapita wapi kuja hapa. Kwa hiyo tusilaumiane. Kesho asubuhi uende. Chukua chupa tatu."

Ndivyo nilivyokwenda Mikadini siku ya Ijumaa, kwa bodaboda ya Bryson. Kwa macho, Mikadini ni karibu. Ukisimama nyuma ya zahanati unaona minazi yake ng'ambo ya maji. Lakini barabara inazunguka hori yote, kupitia mashamba ya zamani ya mkonge, na ilituchukua zaidi ya saa moja. Nilikuwa nimekipakata kisanduku cha baridi kama mtoto. Njia nzima niliomba, wala sikuomba mambo makubwa: niliomba barafu isiyeyuke, na Asmahani awepo nyumbani.

"Sista, unaongea na mimi?" Bryson akauliza huku akikwepa shimo.

"Naongea na Mungu. Wewe tazama njia."

"Basi mwambie na habari ya tairi langu la nyuma."

Tulifika saa tano. Kitongoji kilikuwa kimya. Milango ilikuwa imefungwa kwa kamba, kuku wanatembea katikati ya njia, duka la Turki limefungwa kwa kufuli. Nilizunguka nyumba nne nikipiga hodi, nikajibiwa na mbuzi. Nitakiri lililonijia kichwani: lilikuwa ni yale maneno mawili ya rejista. Nimekuja na dawa mpaka mlangoni kwao, nao hawapo.

Nyumba ya tano ndipo nilipopata mtu. Bibi mmoja alikuwa amekaa barazani akisuka ukili wa mkeka, na pembeni yake, juu ya mkeka, Ziyad alikuwa anatambaa akifukuza kipande cha ukindu.

"Hodi hapa."

"Karibu."

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Kaa." Alikuwa akiitwa Bi Harusi, mama yake Turki, mkwe wa Asmahani. Mikono yake haikuacha kusuka. "Wewe ndiye nesi wa Mwanzini. Wewe ndiye wa kumi."

Nikaona aibu. "Ndimi, bibi. Nimekuja kuchanja watoto. Mbona kijiji kitupu?"

"Leo ngapi?"

Nikamtajia tarehe.

"Sikuulizi hiyo ya shuleni. Mwezi ngapi? Mwezi wa mbinguni."

Sikujua. Nilikuwa nimeishi miaka mitatu nikiiona bahari kila siku, na sikujua. Bi Harusi akacheka mpaka akaweka ukili chini.

"Leo mwezi kumi na sita, mwanangu. Bamvua. Maji yametoka, yamekwenda mbali kabisa. Wanawake wote wako mwambani wanatoa pweza, wamewaachia watoto vikongwe kama mie. Na leo ni Ijumaa, waume wanakwenda msikitini. Umechagua siku ambayo hata mwizi angeona haya kuja."

Nikacheka na mimi, ingawa sikutaka. Kisha nikamwuliza kwa unyenyekevu anieleze, nami nikatoa kalamu.

Alinieleza kama anavyoelezwa mtoto wa darasa la kwanza. Alichukua ukindu mmoja, akaulaza kwenye mkeka. Huu ndio mwezi, kuanzia kuandama mpaka kufa. Mwezi unapoandama, na unapokuwa mpevu, ni bamvua: asubuhi maji hutoka sana, hori inavukika kwa miguu kuanzia kama saa nne. Lakini siku hizo ndizo za pweza. Ni siku tano, pengine sita, na pweza wa siku hizo ndiye unga, ndiye sabuni, ndiye sare za shule. "Ile minazi ya baba wa baba yao imegawanywa urithi mpaka Turki amebakiwa na minne. Duka lenyewe linauza kwa mkopo. Asmahani asipokwenda mwambani, hapa hapapikwi."

Kisha akaonyesha katikati ya ukindu. Wiki inayofuata, mwezi nane au mwezi ishirini na mbili, ni maji mafu. Mwamba haufunuki, hakuna pweza. Wanawake wako majumbani wanasukana nywele. "Siku hizo wangekuja kwako wote na watoto wao, tena kwa nyimbo. Ila saa nne za asubuhi hori imejaa. Wapite wapi? Wapae?"

Nilitazama ule ukindu. Jumatano moja ilikuwa ya bamvua na Jumatano iliyofuata ilikuwa ya maji mafu, na hivyohivyo mwaka mzima. Wiki moja njia ipo na nafasi haipo. Wiki ya pili nafasi ipo na njia haipo. Wale saba waliokuja kwangu walikuwa wametoa chakula cha siku nzima ili waje, wakafika wakichelewa kwa sababu walingoja maji yatoke, na mimi nikawahesabu.

"Bibi," nikasema, "kuna surua kule dago."

"Nimesikia." Akaacha kucheka. "Mie naijua surua. Nilikuwa na mdogo wangu wa kike, tulilala nayo kitanda kimoja. Mie niliamka. Yeye hakuamka."

"Basi niruhusu nimchanje Ziyad sasa hivi. Dawa ninayo hapa."

Akatikisa kichwa. "Mama yake aliporudi kutoka kwako juzi alilia, na si mtu wa kulia. Akasema nesi yule asimguse mwanangu. Neno hilo amelisema mbele yangu. Mtoto ni wake, mie ni bibi tu. Ngoja aje, umwombe mwenyewe."

"Akikataa?"

"Akikataa utakuwa umekataliwa."

Adhana ikasikika kutoka msikitini. Bi Harusi akainuka kwa kushikilia nguzo, akamchukua Ziyad mkekani na kuniwekea mapajani. "Nishikie, nikasali." Akaingia ndani, akaacha mlango wazi.

Nikabaki na mtoto. Alikuwa mzito, wa joto, ananuka mafuta ya nazi. Alinishika kidole akakitia mdomoni. Kisanduku kilikuwa kando ya mguu wangu. Kupitia mlangoni niliona mgongo wa Bi Harusi ukiinama na kuinuka.

Sitaficha nililowaza. Kufungua chupa na kuchanganya dawa ni kazi ya dakika mbili. Kuchoma ni kufumba na kufumbua. Mtoto angelia, ningesema ameumwa na siafu. Kisha angekuwa salama, na mama yake angeendelea kunichukia akiwa na mtoto mzima. Nilijiambia kwamba hilo lingekuwa tendo jema. Mkono wangu uligusa kifuniko cha kisanduku.

Ndipo Bi Harusi aliposujudu, na nikaona nyayo za miguu yake, zimepasuka kwa miaka ya chumvi. Bibi huyu aliniachia mjukuu wake akanipa mgongo, akamwelekea Mungu bila kugeuka kunichungulia. Nikaondoa mkono. Nikamkumbatia Ziyad, nikaomba palepale barazani, bila kupiga magoti: Bwana, nilimrudisha. Nipe maneno ya kumrudia mama yake. Na safari hii nikasema amina.

Wanawake walirudi baada ya saa saba. Niliwasikia kabla sijawaona, kwa sababu ya Zuwena. Walikuja kwa mstari, ndoo vichwani, pweza wananing'inia kwenye vijiti. Asmahani alikuwa wa tatu. Aliponiona na mwanawe mapajani, akatua ndoo chini.

"Nani kakupa mtoto wangu?"

"Mie," Bi Harusi akajibu kutoka ndani. "Hajamfanya kitu. Nimemtazama."

Hakuwa amenitazama hata mara moja. Mungu amsamehe uongo ule.

Asmahani akamchukua Ziyad. Wenzake wakasimama nyuma yake, maji yakichuruzika kwenye kanga zao. Akayaona makaratasi yangu, na rejista iliyo wazi mkekani kwenye ukurasa wa Mikadini, kwa kuwa nilikuwa nikiandika humo maelezo ya bibi. Akainama. Asmahani amemaliza darasa la saba, anasoma vizuri.

"Ziyad Turki," akasoma kwa sauti. "Mama hajali." Akanyanyua uso, akainama tena. "Ziyad Turki, mara ya pili. Mama hajali."

Wenzake wakasogea karibu.

"Nisomee na mimi," Zuwena akasema.

"Mama hajali."

"Na Sabiha?"

"Mama hajali."

"Yule Maha aliyevuka na mimba ya miezi minane, kambeba wa kwanza begani?"

"Mama hajali."

Sabiha, msichana mwembamba aliyekuwa mwisho wa mstari, akasema polepole, "Kumbe wote tuna jina moja. Tulikuwa hatujui tu."

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimekaa, nikateremka barazani nikasimama mchangani, usawa wao. Maneno niliyoomba yalikuja, na yalikuwa machache.

"Nimeandika uongo," nikasema. "Mwongozo wa kazi yangu unaniambia nifungue chupa hata kwa mtoto mmoja. Nilijua, nikaogopa kukemewa, nikawarudisha. Mlikuja mkiwa watano nikawarudisha, mkaja mkiwa saba nikawarudisha. Asmahani, nimekukosea wewe na mtoto wako. Naomba radhi kwako na kwa wenzako. Na kuna surua kule dago, siwafichi. Nimekuja kwa sababu hiyo."

Nikachukua kalamu, nikakata maneno mawili mbele ya jina la Ziyad kwa mstari mmoja, nikaandika juu yake: Zahanati ilimrudisha. Nikamwonyesha asome.

Akasoma. Alichukua muda, kama vile yalikuwa maneno mengi.

"Hapo ulipo unaona watoto wangapi?" akauliza.

Nikatazama. Watoto wengine walikuwa bado kwa bibi zao. "Namwona mmoja."

"Basi fungua chupa kwa huyo mmoja."

Nilikuwa nimeshapiga magoti mbele ya kisanduku. Nikatoa chupa ya baridi, nikaing'oa kofia yake ya plastiki, ikalia ta! Nikachanganya dawa na maji yake. Asmahani alikuwa anatazama vidole vyangu, si uso wangu. Nilijua anachongoja. Alingoja nione uchungu wa kumwaga, nisite. Sikusita.

Alinawa mikono kwa maji ya mtungi, akakaa barazani akampakata mwanawe, akaushika mkono wake wa kushoto. "Bismillahi," akasema. Mimi nikasema langu moyoni. Ziyad alinitazama kwa yale macho makubwa, akiwa bado hajaamua kama mimi ni mtu mbaya, kisha sindano ikaingia naye akaamua.

"Lia, mwanamume!" Zuwena akapaza sauti. "Lia wakusikie dago!"

Asmahani akamweka begani akimpigapiga mgongo. Kisha akageukia wenzake, na nikaona kitu kimebadilika usoni pake. "Nyie mmesimama nini? Chupa imeshafunguliwa. Leteni watoto, isimwagwe!"

Wakaacha ndoo zao palepale. Sijawahi kuona watu wakikimbia hivyo kwa ajili ya chanjo. Zuwena alikwenda akiita nyumba hadi nyumba, "Surua! Surua! Leteni kadi, leteni watoto, chupa iko wazi!" Mabibi wazee wakatoka na wajukuu. Mtoto mmoja aliletwa akiwa na povu la sabuni kichwani. Bryson, aliyekuwa amelala kwenye kivuli cha duka, akaamshwa akapewa kazi ya kufukuza kuku na paka waliokuwa wanawaandama pweza.

Alipofika wa kumi na moja, mtoto wa Sabiha, chupa ya kwanza ilikuwa imekwisha. Sabiha akaniangalia, akaanza kurudi nyuma na mtoto wake, amezoea. Nikang'oa kofia ya chupa ya pili kabla hajapiga hatua ya tatu.

Siku ile tuliwachanja kumi na watatu. Wa kumi na nne, mtoto wa Maha, alikuwa kwa jamaa zake Nguvumali. Nilimfuata huko kwa simu mpaka alipochanjwa. Waume walipotoka msikitini walitukuta barazani tunakunywa chai ya tangawizi. Turki alifungua kufuli la duka lake, akasema baraza lake ni pana kuliko la mama yake na lina kivuli mchana kutwa, kwa hiyo nikija tena nikae pale. Shekhe wa msikiti wao, mtu mchangamfu, akaniuliza nitakuja tena lini. Nikafungua mdomo kusema Jumatano. Nikaufunga.

"Mwezi nane na mwezi ishirini na mbili," nikasema. "Maji mafu."

Bi Harusi alitabasamu huku akisuka ukili wake, hakuinua kichwa.

"Basi nitatangaza," Shekhe akasema. "Tukimaliza sala ya alfajiri, siku moja kabla."

Haikuwa rahisi kama ninavyoisimulia. Daniel aliandika barua mbili wilayani kueleza kwa nini ratiba ya huduma ya mkoba, ile ya kuwafuata watu vijijini, inahamahama, na ile barua ya kwanza ilirudishwa ikiwa na alama ya kuuliza kwa wino mwekundu. Mafuta ya pikipiki yalikosekana mwezi mmoja, tukachanga. Lakini tulienda. Sasa ofisini kwangu, karibu na kalenda ya kanisa letu, nimetundika ile ya msikiti aliyonitumia Bi Harusi, yenye tarehe za mwezi. Ninaziangalia zote mbili kila asubuhi kabla ya kazi. Surua ilikaa dago wiki kadhaa kisha ikaisha. Haikuvuka kuingia Mikadini. Mimi simjui anayeamua mambo hayo ila Mmoja, na namshukuru, ila najua pia kwamba aliniachia sehemu yangu ya kufanya.

Miezi saba baadaye, siku ya mwezi nane, nilikuwa kwenye baraza la duka la Turki, kwa ajili ya sindano ya pili ya wale waliotimiza mwaka mmoja na nusu. Nilikuwa nimewahi mno, kulikuwa bado hakuna mtu. Asmahani akatokea upande wa nyumba. Ziyad alikuwa anatembea mwenyewe, amemshika mama yake kidole. Alipoliona koti langu jeupe akasimama, akamwangalia mama yake, akaninyooshea kidole kwa lawama.

"Anakukumbuka," Asmahani akasema. Akakaa kwenye benchi, peke yake, benchi zima tupu kulia na kushoto. Akatazama huku na huku kwa makusudi kabisa, akanikonyeza. "Haya nesi. Leo tuko wangapi?"

"Sijahesabu," nikamjibu, na kofia ya chupa ilikuwa tayari mkononi mwangu.